Mahindi Yasiyoomba

Mahindi ya Mama Zeno yalikuwa ya njano, na Dokta Desideria Nswima aliliona hilo kabla kigari chake hakijasimama. Haikuwa njano ya kukomaa, kwa sababu ndiyo kwanza yalikuwa yamefika kifuani. Ilikuwa njano ya njaa, ile inayoanzia majani ya chini na kupanda juu taratibu mpaka mmea wote unakata tamaa. Aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka tisa. Tangu alipofika ishirini na saba hakuwa na kazi nyingine ila kuhakikisha kwamba haonekani tena mtoto wa kuiona.

"Karibu, Dokta," Mama Zeno alisema bila kuacha kung'oa magugu. "Umekuja kuyaangalia, au kuyapa pole?"

"Nimekuja kuyapima kwanza."

"Pima. Hayana haraka, hayaendi popote."

Desideria alishuka, kigari kikajisogeza chenyewe kivulini kama kilivyofundishwa. Alitoa kisoma-jani mfukoni, kifaa kidogo kisichozidi kibanio cha nguo, akakibana kwenye jani la kwanza na kusubiri namba.

Ndani ya mahindi yale alitakiwa kuwamo mpangaji. Ndivyo walivyomwita pale Kituo cha Mbegu Lwamatete, ingawa kwenye karatasi alikuwa na jina refu ambalo hata waliomtengeneza walikosea kulitamka. Alikuwa bakteria, aliyeundwa jeni kwa jeni ili aishi kwenye kiini cha punje. Punje ikiota, anaamka nayo. Mmea ukichomoza mizizi ya juu ya ardhi, ile inayodondosha ute, yeye anahamia kwenye ute, anavuta naitrojeni kutoka hewani na kuulisha mmea. Hiyo ndiyo kodi yake ya nyumba. Mmea ukizaa, anaingia kwenye punje mpya na kusubiri mvua nyingine. Mkulima hanunui mbolea, hanunui mbegu, na hamwombi mtu yeyote kitu chochote. Desideria mwenyewe ndiye aliyepanda ngazi na kuandika maneno hayo kwenye geti la kituo kwa rangi nyeupe, mwaka kilipofunguliwa: MAHINDI YASIYOOMBA.

Kisoma-jani kilionyesha sifuri. Alikihamishia mmea wa pili, wa tano, wa kumi na mbili. Sifuri kila mahali. Mpangaji alikuwa amekufa, au amehama, na hakuacha hata barua.

Kaya arobaini na nne zilipewa mbegu ile kwa majaribio. Msimu wa kwanza mashamba yote yalikuwa kijani kilichoiva, watu wakaja kupiga picha. Msimu wa pili yakapauka, wakasingizia mvua. Huu ulikuwa wa tatu, na Desideria alikwisha kupita kaya thelathini na kukuta sifuri ileile. Mashamba ya kituo, yenye mbegu ileile na udongo uleule, yalikuwa yanasoma asilimia tisini na nne.

Kwenye kona ya shamba, karibu na kichuguu, alikuta mimea kama thelathini hivi ambayo haikuwa njano wala haikuwa kijani cha kujivunia. Alibana kifaa. Asilimia thelathini na moja. Alikitikisa, akabana tena. Thelathini na moja. Aliandika namba hiyo bila kuielewa, akang'oa mmea mmoja na kuutia kwenye mfuko.

"Sasa njoo ule," Mama Zeno alimwita. "Mtu haondoki kwangu na njaa, hata kama ndiye aliyeniletea."

Jikoni kwa Mama Zeno kulikuwa na jiko la umeme lililogawiwa na Baraza la Chakula, limefunikwa kitambaa cha kudarizi na juu yake kimewekwa chombo cha maua. Ugali ulikuwa unasongwa pembeni, kwenye mafiga, kwa kuni. Desideria aliinama kuukwepa moshi, macho yakamtoka machozi, na alipoyapangusa na kutazama juu aliona mahindi yamefungwa mawilimawili kwa maganda yake, yananing'inia kwenye uchaga juu ya moto, meusi kwa masizi.

"Hiyo ni mbegu?" aliuliza.

"Kwani ni mapambo?"

"Misimu yote hii umeiweka hapo?"

Mama Zeno alisimamisha mwiko. "Dokta, wewe umezaliwa wapi? Mbegu inawekwa wapi pengine? Isipopata moshi, fukusi wanaimaliza kabla ya Krismasi."

Desideria alizaliwa Laela, umbali wa nusu siku kutoka pale, kwenye jiko la aina hiyohiyo. Mama yake alitundika mbegu vilevile, na bibi yake kabla ya hapo. Watafiti wa kituo walikuwa kumi na tisa, na kumi na wanane kati yao walikulia chini ya mahindi meusi kama yale. Lakini kituoni mbegu iliishi kwenye chumba baridi, ndani ya visanduku vyeupe, na miaka ilivyopita waliacha kufikiri kwamba mbegu inaweza kuishi kwingineko. Mpangaji walimjaribu kwa jua, kwa baridi, kwa mafuriko, hata kwa mbuzi. Hawakumjaribu kwa moshi wa jikoni kwa mama zao.

Aliona aibu, ile ya kuchoma masikio. Alikula ugali wote aliopakuliwa.

* * *

Miezi mitano iliyofuata, nyuma ya maabara ya kisasa kuliko zote nyanda za juu, kulikuwa na mafiga matatu na watu wenye shahada za uzamivu wakipuliza moto. Matokeo hayakuwa na utata. Wiki sita za moshi zilimuua mpangaji katika punje tisini na tisa kati ya mia.

Yule wa kwenye kichuguu alikuwa mwingine. Walimkuta hai ndani ya mmea ule mmoja, na walipomkuza chini ya darubini waliona amejifanyia koti la nta ambalo hakuna mtu aliyembunia. Katika misimu miwili ya kufukizwa alikuwa amejifunza kuishi uchagani. Ila koti lile lilikuwa na gharama yake. Nguvu za bakteria ni zilezile, na akizitumia kutengeneza nta hawezi kuzitumia tena kuvuta naitrojeni. Theluthi moja ya chakula cha mmea ndiyo iliyobaki. Walijaribu kumchanganya na ndugu yake wa chumba baridi, vizazi sitini na kitu. Koti likiwa zito vya kutosha kwa moshi, chakula kinapungua. Chakula kikiongezeka, koti linakuwa jepesi, moshi unaua. Kupata vyote viwili kungewezekana, kwa miaka ambayo hakuna aliyethubutu kuitaja kwa sauti.

Mkurugenzi Lusekelo Mwakatobe aliingia ofisini kwa Desideria Jumatatu na karatasi moja. Aliwahi kuwa mwanafunzi wake, na wakiwa wawili hakuwa anajisumbua na vyeo.

"Dada Desi, Ijumaa Baraza wanakuja kuchukua fomu. Inataka saini yako wewe mbunifu. Bila hiyo haiendi."

Fomu ilikuwa na nafasi ya mbegu moja tu. Baada ya miaka ambayo wachuuzi waliwauzia wakulima mbegu bandia, sheria iliamua: kanda moja, zao moja, mbegu moja, miaka kumi. Yoyote nyingine ni kosa kuigawa.

"Mbegu ya chumba baridi inafanya kazi," Lusekelo alisema. "Tisini na nne. Hakuna aliyewahi kufika hapo."

"Inafanya kazi msimu mmoja. Ikipanda uchagani, imekufa."

"Basi haitapanda uchagani. Tutawapa mpya kila mwaka. Droni zinashusha maboksi baridi Oktoba, watu wanapanda, wanavuna, wanashiba. Baraza limeshakubali."

"Na wakihifadhi yao wenyewe?"

Lusekelo aliangalia kucha zake. "Itapigwa marufuku. Mbegu iliyokufa ikichanganyika mashambani inaharibu kila kitu, unajua. Patakuwa na wakaguzi. Lakini watakuwa wastaarabu."

"Wakaguzi wa jikoni."

"Wastaarabu, dada."

"Na Oktoba droni zisipokuja?"

"Kwa nini zisije?"

"Meli zilikuwa na sababu gani?"

Lusekelo hakuzijua, alizaliwa baadaye. Meli za mbolea zilikoma kuja mwaka Desideria alipokuwa na miaka tisa. Hakuna aliyetangaza. Baba yake alikaa siku tatu kwenye foleni ya ghala la ushirika, akarudi na gunia tupu amelikunja vizuri kwapani, kana kwamba lingehitajika wiki ijayo. Mavuno ya mwaka ule hayakuzidi vishada viwili vya kutundika uchagani. Mdogo wake Desideria, Gaudensi, hakuiona mvua iliyofuata.

"Mimi nakuheshimu kuliko mtu yeyote hapa," Lusekelo alisema. "Lakini wewe unapigania maneno ya getini. Watu hawali maneno. Una mbegu inayoshibisha mkononi, halafu unataka kuwapa theluthi ili ahadi ibaki safi?"

Hapo ndipo palipouma. Lusekelo hakuwa mjinga, hakuwa mla rushwa, na alichosema kilikuwa kweli.

* * *

Jumatano Desideria alirudi kwa Mama Zeno, kwa sababu ilionekana ni haki kumuuliza anayekula. Alimkuta barazani anachambua maharage kwenye ungo. Alimweleza yote, mbegu zote mbili, bila kupamba yake. Hii inashibisha lakini ni ya kuletewa kila mwaka. Hii nyingine ni yako wewe na wajukuu zako, uitundike utakapo, lakini ni theluthi.

Mama Zeno alitupa kokoto moja nje ya ungo.

"Hapa tunakula watu tisa," alisema. "Ulipokuja mara ya kwanza uliniambia yatajilisha yenyewe. Nikaacha kuzika majani kwenye matuta yaoze yawe mbolea. Mama yangu alizika, bibi yangu alizika, mimi nikaacha, kwa sababu Dokta kasema. Sasa unaniletea theluthi?"

"Ndiyo."

"Nipe ile nzima."

"Mama Zeno, mwaka ambao haitakuja..."

"Huo mwaka ambao haujafika ni wako wewe uliyesoma. Mimi nina mwaka huu."

"Lakini ikisimama, utakuwa huna mbegu yoyote. Ya uchagani watakuwa wameshaiteketeza."

"Nimekusikia. Umeniuliza, nimekujibu. Kama ulikuwa na jibu lako, ungebaki nalo kituoni, usingechoma umeme wa kigari."

Njiani kurudi, kigari kilipouliza kama anataka muziki, Desideria alikizima sauti. Alijaribu kuwa mkweli. Je, alikuwa anamchagulia Mama Zeno, au anamchagulia baba yake kwenye ile foleni, ambaye hakuna anayeweza tena kumsaidia? Hakupata jibu safi. Alichokijua ni hiki: mbegu nzima ikishindwa siku moja, ingeshindwa kwa wote kwa pamoja, na kusingekuwa na punje hai kwenye jiko lolote la kuanzia upya. Theluthi ingewaumiza kila mwaka kidogokidogo, na wangeendelea kuwa na kitu mkononi. Kwa zote mbili kulikuwa na watoto ambao wangelala njaa. Mtu anayesema uchaguzi huo ni rahisi hajawahi kuona gunia tupu likikunjwa.

Ijumaa asubuhi alijaza fomu. Kwenye jina la mbegu aliandika ya kichuguu. Kwenye kisanduku kilichouliza kiwango cha lengo kilichofikiwa aliandika kwa maneno, ili mtu asidhani kalamu iliteleza: asilimia thelathini na moja.

Lusekelo aliisoma amesimama. "Umejiandikia kushindwa kwako kwa mkono wako mwenyewe."

"Nimeandika kipimo."

"Watakata fungu letu."

"Najua."

Lusekelo aligonga muhuri, kwa sababu saini ya mbunifu ndiyo iliyokuwa na nguvu na yeye hakuwa mtu wa kughushi. Baada ya miezi miwili kituo kilibaki na watafiti sita. Lusekelo mwenyewe alihamishiwa makao makuu, na aliagana naye kwa mkono bila kumtazama machoni.

Jioni ileile ya Ijumaa Desideria alikwenda kumwambia Mama Zeno mwenyewe, ili asisikie kwa watu. Mama Zeno alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga.

"Kwa hiyo uliniuliza ili iweje?" alisema, akaingia ndani na kufunga mlango.

* * *

Theluthi ilikuwa theluthi kweli. Watu walirudia kuzika majani kwenye matuta, kazi inayoumiza mgongo kuanzia Februari mpaka Aprili, na matuta yakijumlishwa na mpangaji wa kichuguu mavuno yalifika nusu na kidogo ya yale Desideria aliyoahidi. Misimu miwili mfululizo, Januari na Februari, nyumba ya Mama Zeno iliishi kwa uji wa muhogo. Desideria alijua kwa sababu aliuliza kwa majirani, na kila alipojua hakulala vizuri. Kituoni aliendelea na watu wake watano kuchagua na kuzalisha, kuchagua na kuzalisha. Baada ya misimu mitatu shamba bora la kituo lilisoma thelathini na tatu.

Alipima kaya zote arobaini na nne kila mwaka, na kwa Mama Zeno aliingia, akapima, akaaga, akajibiwa kwa kichwa. Msimu huo wa tatu alibana kisoma-jani kwenye mstari wa kwanza akijua atakachokiona, akaona thelathini na saba.

Alipima mmea wa pili. Thelathini na saba. Wa sita ulikuwa thelathini na sita. Ndipo alipogundua kwamba yuko kwenye kipande kisicho na matuta, ardhi bapa katikati ya shamba lenye matuta yaliyoinuliwa vizuri pande zote, na kwamba baadhi ya mimea imefungwa vipande vya kanga shinani.

Mama Zeno alikuwa amesimama nyuma yake na jembe begani.

"Hiki kipande mbona hukuzika majani?" Desideria aliuliza.

"Makusudi."

"Kwa nini?"

"Nikizika, yote yanakuwa kijani. Nitajuaje nani anajilisha mwenyewe na nani anakula vya kupewa?" Mama Zeno alisema kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto. "Hapa kila mmoja na bahati yake. Anayebaki kijani hapa ndiye namfunga kitambaa, mbegu naichukua kwake. Hata hindi lake liwe dogo. Kwanza nilikuwa nachukua mahindi makubwa kama tulivyofundishwa, nikaona hayana maana, yale yamenenepa kwa majani yangu."

Desideria aliinama, akashika kitambaa kimoja. Jaribio lile, la kutenga wanaojilisha na wanaolishwa, lilimchukua yeye miaka minne kulibuni akiwa kijana, na alipewa nishani kwa ajili yake.

"Uko peke yako?"

"Tuko kumi na moja. Jumapili baada ya misa tunabadilishana. Ya Mama Kreseni ni nzuri sana, ila ana mdomo, anataka ashukuriwe mpaka Jumapili nyingine."

Desideria alicheka, akageuka kuangalia mahindi. Alipiga hesabu kwa sababu hakuweza kujizuia. Asilimia sita kwa misimu mitatu. Kwa mwendo huo, kufika tisini na nne kungetaka miaka ishirini na minane na zaidi, na yeye alikuwa na hamsini na nne.

"Mimi sitayaona yakifika," alisema.

"Hata mimi. Zeno ataona, kama hatakuwa mvivu. Na usije ukadhani nimekusamehe ile miaka miwili ya uji."

"Sidhani."

"Watoto wangu walilia, Dokta. Nataka ulijue hilo."

"Nalijua. Ningekuwa na njia nyingine ningeichukua. Samahani, Mama Zeno."

Mama Zeno alishusha jembe begani, akalisimika ardhini, akaonyesha kwa kidevu mmea uliokuwa mwisho wa kipande, wenye kitambaa chekundu.

"Ule hujaupima. Mimi kwa macho yangu naona umezidi wenzake."

Desideria alikwenda akabana kifaa kwenye jani. Thelathini na tisa. Alikitoa, akakipangusa kwenye gauni, akapima tena, kisha akamwita Mama Zeno aje asome mwenyewe.